UZI: Vilima vya Kigoma vikiachwa viote pori tena, mafuriko ya mjini yatapungua? Tujadili bila siasa

Mwisho wa Reli (mleta mada)

Wakuu, habari za mchana. Hapa mjini mvua ikinyesha saa moja tu picha zinaanza kuruka kwenye magrupu: bodaboda imezama, duka limejaa tope, mtu kajitwika godoro. Baada ya hapo wimbo ni ule ule: mitaro imeziba, mitaro haitoshi, tuletewe mitaro mipana. Sina ugomvi na mitaro. Ila tunaanza kuyahesabu maji yakishafika kwenye lami, wakati mbio zake zimeanzia juu kabisa, mahali ambapo hakuna anayepiga picha.

Kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo Kigoma huwa tunayatia kwenye kapu moja. Kuna Ziwa Tanganyika kupanda. Hilo ndilo lililofuata nyumba za Kibirizi, Katonga na ukanda wa chini wa Ujiji miaka hii ya karibuni. Na kuna maji ya milimani, yale yanayoshuka kwa kishindo kupitia makorongo, yanakuja na mchanga, mawe na chupa, yanapita na baada ya saa chache hayapo. Uzi huu ni wa hayo ya pili. Ziwa nitaligusa kidogo, kwa sababu wapo watakaosema "pandeni miti ziwa lishuke", na hilo sitaki tudanganyane.

Sasa hoja yangu. Kilima chenye miti, majani makavu chini na mizizi hai kinayanywa maji ya mvua kabla hayajapata kasi. Matone yanapigwa na majani kwanza, yanafika chini yamechoka, yanakuta takataka za majani, mashimo ya mchwa, njia za mizizi iliyooza. Ukikifyeka kilima hicho, ukalima matuta ya kushuka na mteremko, ukachoma kila mwaka, udongo wa juu unajifunga na maji yanateleza kama yako juu ya bati. Mvua ni ile ile, kilichobadilika ni muda. Maji yaliyokuwa yanachukua siku nzima kufika bondeni sasa yanafika yote kwa pamoja, na hapo hakuna mtaro utakaoyatosha.

Huko Ulaya wameanza kurudi nyuma. Baada ya kunyoosha mito na kuijengea kuta kwa miaka mingi, sasa kuna sehemu wanaiachia ipinde tena, wanarudisha vinamasi, wanaacha mashamba ya kando yaote pori. Sisemi tuige kila kitu. Nasema Kigoma tuna bahati moja: miti yetu ya miombo haihitaji kupandwa. Mtundu, myombo, mninga, hata mkurungu ulioibiwa usiku, ukikatwa kisiki kinabaki hai. Nenda kaangalie shamba lililolala misimu miwili tu, machipukizi yamejaa. Kazi yetu ni kuyaacha na kuyalinda na moto.

Na hili halijaanza leo. Jane Goodall, mtafiti wa sokwe aliyefika Gombe mwaka 1960, miaka ya mwanzo ya 1990 aliruka na ndege ndogo juu ya hifadhi akakuta vilima vyote vya jirani viko uchi. Taasisi yake ikaanzisha mradi wa TACARE mwaka 1994 kwenye vijiji vya Kigoma. Walianza na vitalu vya miche, kisha vijiji vikapanga matumizi ya ardhi na kutenga misitu ya kijiji ambayo sehemu kubwa imeota yenyewe kutoka kwenye visiki. Lengo kubwa lilikuwa riziki za watu na sokwe, lakini maji hayaulizi mti umeachwa kwa ajili ya nani.

Nataka kusikia kutoka kwenu: kwa nini tusifanye hivyo kwenye vilima vinavyomwaga maji mjini na kwenye bonde la mto Luiche?

---

Jirani Mkorofi

Kwa hiyo ushauri ni turudi porini 😂 Mzungu akichoka na lami yake anatuletea sisi habari za kuishi na nyoka. Mimi nataka mtaro wa zege, mkuu, tena wenye mfuniko.

---

Mhandisi Mstaafu

Mleta mada umeeleza vizuri, ila niongeze vipimo ili vijana wasije wakadhani ni uchawi.

Kinachotuumiza kwenye mafuriko ya makorongo ni kilele, yaani ile dakika ambayo maji ni mengi kuliko zote. Daraja linabebwa kwenye kilele. Ukipunguza kilele hata kwa sehemu ndogo, maji yaliyokuwa yaingie ndani yanaishia kizingitini.

Mfano ninaoupenda ni mji mdogo wa Pickering, kaskazini mwa Uingereza. Walifurikiwa vibaya mwaka 2007. Ukuta wa kuwakinga ulionekana ni ghali mno kwa mji wa ukubwa ule. Wakaenda juu ya bonde, wakaweka zaidi ya vizuizi 160 vya magogo kwenye vijito. Vizuizi hivyo vinavuja makusudi: maji ya kawaida yanapita chini, maji mengi yanazuiliwa na kutawanyika kando. Wakapanda miti na kujenga tuta moja kubwa la kuhifadhi maji ya ziada. Desemba 2015 mvua kubwa ikapiga eneo lile na mji haukufurika. Tathmini ikasema kilele kilishushwa kwa asilimia 15 hadi 20, na kama nusu ya hiyo ni kazi ya tuta. Soma hapo vizuri: nusu ni magogo na miti, nusu ni kazi ya mhandisi. Havigombani.

Kule kwao yupo pia mnyama anaitwa biva, wa jamii ya panya lakini mkubwa kama mbwa, anakata miti kwa meno na kuziba vijito. Waingereza walimmaliza karne nyingi zilizopita, sasa wanamrudisha. Devon walimfanyia majaribio kwenye mto Otter kuanzia 2015 hadi 2020, wakakuta mabwawa yake yanachelewesha maji ya mvua kubwa. Jirani Mkorofi, usiogope, hatumleti hapa Mwanga mjini.

Angalizo langu: ardhi ikishalowa, mvua ya wiki nzima juu ya mvua, hata msitu unafika mahali unashiba. Hapo faida inapungua sana. Anayekuahidi kwamba miti itamaliza mafuriko anakuuzia kitu.

---

Mama Mawese

Shikamooni wakubwa. Mnaongea vizuri, lakini hicho "kilima kinachoachwa" ni shamba la nani? Mimi nina mihogo na michikichi kwenye mteremko. Nikiambiwa niache pori ili mtu wa chini asiingiwe na maji sebuleni, mimi watoto wanakula nini? Yeye wa chini atanilipa? Kila mkutano tunaitwa sisi wa juu, tunaambiwa sisi ndio waharibifu. Aliyejenga ndani ya njia ya maji haitwi.

---

Mwisho wa Reli

Marahaba, mama. Hilo swali ndilo zito kuliko yote humu na sina jibu la mkato.

Ninavyoona mimi, hakuna haja ya kuacha kilima kizima. Maji hayakusanyiki kila mahali sawasawa. Zipo sehemu chache zinazofanya kazi kubwa: kichwa cha korongo, kingo zake, kipande chenye mteremko mkali ambacho hata mihogo inatoka myembamba, na ukanda wa kando ya mto. Huo wa mwisho tayari Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka mita 60 zisifanyiwe shughuli za kudumu. Ukiacha hizo sehemu zirudi pori na ukalima palipobaki kwa kukinga mteremko, hupotezi shamba.

Kuhusu malipo, nakubaliana na wewe kabisa. Uholanzi baada ya maji makubwa ya 1993 na 1995, ambapo mwaka wa pili watu kama 250,000 walihamishwa, waliamua kuipa mito nafasi. Walifanya kazi hiyo sehemu zaidi ya 30, nyingine kwa kusogeza kingo nyuma. Wakulima waliokuwa ndani ya eneo hilo hawakuambiwa "jitoleeni kwa taifa". Kuna bonde moja, Overdiepse, ambapo wakulima wenyewe walitoa pendekezo la kujengewa mashamba juu ya vilima vya udongo, na wasiobaki wakahamishwa kwa fidia. Hapa kwetu mtu wa juu anapewa mche wa mti na kofia.

---

Jirani Mkorofi

Kofia na mche wa mkaratusi! Tena wanaupanda palepale kwenye chemchemi.

---

Mtemi wa Unyanyembe

Nachangia kutoka Tabora. Ndugu zetu wa mwisho wa reli mnalo la milima, sisi huku ni tambarare, maji yetu hayana kishindo. Yanakuja taratibu, yanakaa mbugani, yanakata barabara wiki nzima. Ukifika Igunga upande wa mbuga ya Wembere wakati wa mvua utaelewa.

Lakini ninyi mnatafuta mifano Uholanzi wakati jibu liko hapo Shinyanga. Wasukuma wana ngitili tangu enzi. Ni kipande cha malisho kinachofungwa mvua zinapoanza, ng'ombe haingii, majani na vichaka vinakua, kinafunguliwa kiangazi kimekaza. Serikali ilipoanzisha mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) mwaka 1986, Shinyanga ilikuwa inaitwa jangwa, na kampeni za nyuma za kufyeka mapori ili kuua mbung'o zilikuwa zimechangia. Mradi ukaenda hadi 2004, na ngitili zikafika zaidi ya hekta 300,000. Sehemu kubwa haikupandwa hata mche. Watu walifunga, visiki vikainuka.

Na mbinu hiyo imekuja na wafugaji huku Tabora na hata kwenu Kigoma. Badala ya kuwaona wageni wenye mifugo kama balaa, waulizeni wazee wao ngitili inaendeshwaje. Wanajua nani analinda, faini ni nini, na inafunguliwa lini. Miradi mingi inafia hapo kwenye faini.

Jambo la pili ni majaruba. Mkulima wa mpunga akijenga majaruba yake vizuri mbugani, kila jaruba ni bwawa dogo. Maji yanashuka moja hadi jingine kwa utulivu. Tatizo linaanza mtu anapochimba mfereji mrefu ulionyooka ili akaushe mbuga alime mahindi. Huyo anampelekea jirani yake wa chini maji ya siku tano kwa usiku mmoja.

Halafu tumbaku. Nitasema hata kama nitachukiwa: kuni za kukaushia tumbaku zimemaliza miombo yetu pembezoni mwa vijiji vingi. Mtu analima heka chache lakini anakata msitu kila msimu kwa ajili ya bani, lile banda la kukaushia. Ukiongelea kuacha pori Tabora bila kuongelea bani, unapiga porojo.

---

Kiboko wa Ilagala

Mtemi umenigusa. Maji yenu ya Tabora yanakuja kwetu. Ugalla inaingia Malagarasi, Malagarasi inamwaga ziwani huku. Kama si vile vinamasi vya katikati tungeshasombwa zamani.

Watu hawajui ukubwa wake. Ardhioevu ya Malagarasi-Muyovozi ilikuwa ya kwanza Tanzania kuingizwa kwenye orodha ya Ramsar, ile ya kimataifa ya ardhioevu muhimu, mwaka 2000. Ina hekta milioni 3.25. Hizo ni kilomita za mraba 32,500, karibu sawa na Ziwa Tanganyika lenyewe! Mvua ya Novemba ikinyesha juu, sisi huku mto unaanza kujaa kwa taratibu sana, kwa sababu maji yanazunguka kwenye mafunjo, yanaingia ziwa Sagara na Nyamagoma, yanapumzika. Hilo bwawa hakuna aliyelijenga na hakuna anayelipia matengenezo.

Lakini linaliwa pembeni. Mpunga unaingia, moto unaingia, ng'ombe wengi kupita kiasi wanashindilia udongo. Tukilipoteza hilo, magogo kwenye vijito vya Mwanga hayatatusaidia sisi wa Ilagala hata kidogo.

---

Mtoto wa Ujiji

Naomba turudi kwenye ziwa kidogo, maana nyumba ya babu yangu iko pale chini na kila mwanasiasa anakuja na dawa yake.

Ziwa letu lina mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga, upande wa Kongo karibu na Kalemie. Maji mengi zaidi yanaondoka kwa kupanda hewani kwa jua. Eneo la ziwa ni kama kilomita za mraba 32,900. Piga hesabu: likipanda mita moja tu, ni maji kama mita za ujazo bilioni 33. Hakuna msitu wa Kigoma utakaoyaficha hayo. Ndiyo maana lilipopanda miaka hii, Bujumbura, Uvira na Kalemie nao walilia pamoja na sisi.

Na si mara ya kwanza. Stanley alimkuta Livingstone hapa Ujiji 1871. Aliporudi 1876 alikuta ziwa limepanda na kula sehemu zilizokuwa kavu. Wakati ule mdomo wa Lukuga ulikuwa umezibwa na tope na mafunjo. Muda mfupi baadaye, kama 1878, kizibo kikaachia, na ziwa likashuka takriban mita 10 kwa chini ya miaka 20. Miaka ya 1960 likapanda tena. Yaani ufukwe wa Ujiji haujawahi kuwa na mpaka mmoja. Tulipoona mchanga mkavu tukadhani ni viwanja.

Kwa hiyo kwa upande wa ziwa, njia ya asili ni moja: matete na mafunjo yaachwe ufukweni yavunje mawimbi, na sisi tusogee. Inaniuma kusema hivyo.

---

Mhandisi Mstaafu

Mtoto wa Ujiji, hesabu yako iko sawa. Nyongeza tu: kilima kikivaa miti, ziwa linafaidika kwa njia nyingine. Tope linapungua. Utafiti wa mradi wa bioanuwai wa ziwa hili miaka ya 1990 ulionyesha udongo unaoshushwa kutoka kwenye vilima vilivyofyekwa unafunika miamba ya ufukweni ambako samaki wengi wadogo wanaishi na kuzaliana.

---

Jirani Mkorofi

Haya, nimesoma yote, nimelainika kidogo. Lakini hamjajibu jambo moja. Mkizuia maji kwenye makorongo mnatuzalishia mbu. Malaria ya Kigoma mnaijua?

---

Mwisho wa Reli

Swali zuri kuliko la nyoka 😄 Mbu anahitaji wiki moja hadi mbili kutoka yai mpaka kuruka. Kizuizi kilichojengwa vizuri kinavuja, maji yanaisha siku mbili tatu baada ya mvua. Kikibaki na dimbwi ujue kimejengwa vibaya. Mbu wengi wa mjini tunawafuga kwenye mitaro ya zege iliyoziba.

Nieleze kinavyojengwa, maana kuna korongo moja nyuma ya Gungu ambalo vijana tumelifanyia kazi. Tunachagua mahali korongo lilipo jembamba. Tunapigilia nguzo za miti inayochipua, kisha tunalaza magogo na matawi kati yake, mawe makubwa upande wa chini ili maji yakianguka yasichimbe. Siri iko kwenye umbo: katikati lazima pawe chini kuliko pembeni. Ukisawazisha juu, maji yanatafuta ukingo, yanakata udongo wa pembeni, na mvua inayofuata unakuta korongo limekuwa mawili na kizuizi chako kimesimama katikati kama mgeni. Urefu usizidi kiuno. Na kimoja hakitoshi: unavipanga ili kichwa cha cha chini kiwe usawa na mguu wa cha juu yake. Mchanga unajaa nyuma ya kila kimoja, mteremko unakuwa ngazi, majani yanaota yenyewe kwenye ule mchanga. Nguzo zikishika mizizi, hata magogo yakioza haijalishi.

Juu ya korongo, kwa mwenye shamba kama Mama Mawese, ni fanya juu: unachimba mtaro kukatiza mteremko, udongo unautupa upande wa juu, pale juu ya tuta unapanda nyasi za vetiva au majani ya ng'ombe. Kupata usawa hakuhitaji mashine. Fito tatu zilizofungwa kwa umbo la A, kamba yenye jiwe katikati, unatembea nayo shambani. Mtoto wa darasa la tano anaweza.

---

Mama Mawese

Hayo majani ya ng'ombe nayataka, nina mbuzi. Na kile kipande cha juu kabisa chenye changarawe naweza kukiacha, hakinipi kitu. Lakini visiki vikichipua vinatoa fimbo ishirini kwa kisiki kimoja, inakuwa kichaka tu. Nafanyaje?

---

Mtemi wa Unyanyembe

Dada yangu, unachagua. Kila kisiki bakiza machipukizi mawili matatu, manene na yaliyonyooka, mengine kata ufanye kuni. Yale uliyobakiza punguza matawi ya chini. Funga kitambaa chekundu ili mpita njia na mchunga mbuzi ajue mti huu una mwenyewe. Wale wa mradi wa Kisiki Hai kule Dodoma wanafanya hivyo hivyo. Mbuzi wako wafunge mwaka wa kwanza, tafadhali.

---

Kiboko wa Ilagala

Na moto. Moto wa Agosti na Septemba unaua kila chipukizi. Kama lazima mchome, chomeni Mei au Juni majani yakiwa bado na unyevu, na mfyeke mkinga moto kuzunguka kipande.

---

Mama Mawese

Sawa. Lakini kitambaa chekundu bila mkutano wa mtaa hakimzuii mtu wa mkaa. Nitalipeleka kwa mwenyekiti liwekwe kwenye ajenda kabla ya Mei, na wa mabondeni waje pia, wasikae nyumbani. Mwisho wa Reli, utakuja na hizo fito zako za A?

---

Mwisho wa Reli

Nakuja, mama. Jirani Mkorofi atabeba kamba na jiwe.

---

Jirani Mkorofi

Jiwe nabeba. Kofia mtaleta?